Mikogo ya nini njiani jamani

Hivi nyie mnaotembea kwa mikogo Kariakoo saa kumi na moja jioni mnatokaga wapi? Njia yenyewe nusu wamepanga viatu vya mtumba, nusu mkokoteni, halafu mbele yangu kuna bishoo katanua mabega anadundia mguu mmoja kama anapima kiwanja, kila hatua mbili anasimama ajicheki kwenye kioo cha duka, na mi nawahi basi la mwendokasi! Madaha nayaelewa, mama wa pwani na khanga zake anapita taratibu unampisha mwenyewe bila kuambiwa, ila huku ni kujishebedua tu, kujimwambafai. Nikamwambia samahani kaka naomba njia, akageuka taratiiibu, akaniangalia juu mpaka chini, akaendelea kudunda. Basi nimelikosa.