Pushapu si Adhabu: Mazoezi ya Nguvu Yawe Kipindi cha Skuli

Nilipokuwa mwanafunzi hapa Pemba, pushapu nilizijua kwa njia moja tu: ukichelewa mstarini, mwalimu wa zamu alikuamuru ushike chini upige kumi, na wenzako wakihesabu kwa kejeli. Hakuna aliyetueleza mgongo ukae vipi wala viwiko vielekee wapi. Kwa hivyo ninaposema kwamba mazoezi ya nguvu yawe ya lazima katika skuli zetu, naelewa kwa nini wapo watakaokunja uso.

Hoja yangu haihusu vifua vipana. Inahusu ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20 na zaidi, na wapo watoto wa darasa la sita wanaoinyanyua kila siku bila ya kufundishwa lolote. Juzi nilimtazama binti wa jirani kisimani: alisimama mbali na ndoo, akainama magoti yakiwa yamenyooka, akaivuta kwa mgongo, kisha akamwita mwenzake amtwishe. Nilimwonesha asogee karibu, achuchumae, akaze tumbo na ainuke kwa mapaja. Mara ya tatu akacheka: "Kumbe si nzito, ami!" Mzigo tayari wanao, kinachokosekana ni mafunzo, na mafunzo ndiyo kazi ya skuli.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 za kuutumia mwili kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki wafanye mazoezi yanayoimarisha misuli na mifupa. Mpira tunaupenda sote, lakini kipindi kikiachiwa mpira, 22 wanacheza na waliobaki wanakaa pembeni, wasichana wakiwa wa mwanzo kukaa. Kuchuchumaa, kujinyanyua kwenye bomba na kubeba mfuko wa mchanga hakuhitaji uwanja. Kivuli cha mwembe kinatosha, jambo ambalo skuli za Mji Mkongwe, zilizobanwa na majumba, zingelifurahia.

Wazee wengi huamini kwamba mtoto akinyanyua uzito atadumaa. Imani hiyo haina ushahidi; hatari iliyopo ni ya kubeba vizito kupita kiasi bila ya msimamizi, na hiyo ni sababu ya kumleta mwalimu, si ya kumwondoa. Tena kabla ya balehe mtoto huongezeka nguvu zaidi kwa sababu mishipa ya fahamu hujifunza kuiamrisha misuli vizuri, kuliko kwa misuli yenyewe kunenepa, kwa hivyo mama asitarajie kumwona bintiye amejaa mabega kama hamali wa bandarini.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni njaa. Mtoto aliyetoka nyumbani bila ya chai hawezi kudaiwa nguvu, na mwezi wa Ramadhani kipindi hiki lazima kipunguzwe au kisimame kabisa. Vilevile kuna skuli zenye mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na baada ya masomo watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani. Siku yao imeshajaa. Ndiyo maana naomba vipindi viwili tu kwa wiki, vya dakika 30, ndani ya ratiba iliyopo. Wasichana wapewe mwalimu wa kike na chumba cha faragha ili wajinyooshe bila ya kushikilia mitandio.

Pawe na lazima ya kuhudhuria, lakini pasiwe na mtihani wala kupangwa nani wa kwanza na nani wa mwisho. Mwalimu aandike tu kwamba mtoto huyu mwezi wa Januari alijinyanyua mara moja, na mwezi wa Juni mara nne. Na mwalimu wa zamu atafute adhabu nyingine.