Mimba Si Yangu

Nilikubali kuwa Yosefu katika igizo la Krismasi kwa sababu moja tu: Yosefu hasemi. Soma Mathayo, soma Luka, pekua ukitaka kwa kurunzi, hutapata neno hata moja lililotoka kinywani mwake. Maria anaimba, malaika wanaimba, wachungaji wanatangaza waliyoyaona, hata Zakaria aliyekuwa bubu anafunguliwa ulimi na kutoa utenzi mzima. Yosefu anaota, anaamka, anafanya alivyoagizwa, basi. Kwa fundi wa injini za boti kama mimi, ambaye nikisimama mbele za watu ulimi hunikauka, nafasi ile nilipewa na Mungu.

Wazo lilikuwa la katekista wetu. Kanisa letu pale Lamu lilizoea pango la karatasi za mifuko ya saruji, zilizokunjwakunjwa na kupakwa rangi zifanane na mwamba, ndani yake masanamu ya plasta, mchungaji mmoja hana mkono. Mwaka ule katekista akatusimulia habari za Fransisko wa Asizi, jinsi Krismasi ya mwaka 1223, kule Greccio nchini Italia, alivyoweka hori la nyasi na kuleta ng'ombe na punda wa kweli, watu waone kwa macho yao Bwana alizaliwa katika ufukara wa namna gani. "Sisi je?" akasema. "Lamu hii, ambako ukitoka mlangoni huangalii gari bali punda, tutashindwa na Wataliano?"

Mzee mmoja wa kanisa, yule ambaye kila kanisa linaye, akainua mkono. Luka hakumtaja punda. Mathayo hakumtaja punda. Huyo punda katoka wapi? Katekista alikuwa kajiandaa: Isaya sura ya kwanza, aya ya tatu, "Ng'ombe amjua bwana wake, na punda ajua kibanda cha bwana wake." Mzee akasema hayo ni maneno ya kuwakemea Waisraeli, si habari za usafiri. Tukapiga kura. Punda akashinda.

Punda mwenyewe tuliazimwa na mzee mmoja wa mtaa wa Langoni, Mwislamu, jirani yangu, anayebebesha mchanga na matofali kutoka kwenye majahazi. Nilipomuuliza kodi alikunja uso. "Kodi ya nini? Bibi Mariamu si wenu peke yenu. Ana sura yake nzima katika Kurani." Akatutolea punda, akamvua na shogi, akampiga brashi. Asilotuambia ni kwamba punda yule ni wa mashindano. Kila Maulidi yumo katika mbio za punda pale pwani, na kelele za watu kwake zina maana moja tu.

Mavazi hayakutusumbua. Kwingine sijui wanashona nini ili wafanane na watu wa Bethlehemu. Sisi tulibisha hodi kwa majirani tukarudi na kanzu, vilemba, na joho la mtu aliyelivaa siku ya harusi yake, lenye tarizi ya dhahabu. Joho lile lilizua kesi mpaka mamajusi wakawa wanne badala ya watatu, maana vijana wanne walilitaka na hakuna aliyekubali kubaki nje. Katekista akatuliza: Mathayo anataja zawadi tatu, mamajusi hakuwahesabu. Uvumba tulinunua dukani, ubani ule ule wa kutia chetezoni. Dhahabu ilikuwa kopo la maziwa lililozungushiwa karatasi ya kumetameta.

Maria alikuwa mwalimu wa chekechea, dada mcheshi wa kwetu Malindi ambaye hajapanda punda maishani mwake. Mimba ilikuwa mto. Nautaja mapema kwa sababu utarudi: mto wa pamba, foronya yake nyeupe imetariziwa kwa uzi mwekundu "Lala Salama", umefungwa kiunoni kwa leso.

Tena katekista hakutaka tuigize kama kasuku. Kila mmoja ajue habari za mtu wake kwa moyo, na alikuwa akitushtukia popote, hata sokoni, kutupima. "Wewe nani?" Najibu: Yosefu, mwana wa Daudi. "Huyu nani wako?" Mchumba wangu, nimemposa, hatujakaa pamoja. "Na mimba?" Si yangu, ni kwa uweza wa Roho Mtakatifu. Nikawa naweza kujibu huku nafungua plagi ya injini.

Usiku wa mkesha tukaanzia gatini. Kaskazi inavuma, joto, bahari imejaa mpaka inarusha maji kwenye ukuta. Watu wengi, na wengi wao si wa kanisa letu. Lamu haikosi watazamaji. Tukabisha mlango wa kwanza wa wageni. Aliyeigiza mwenye nyumba ni kijana anayefanya kazi kweli katika nyumba ya wageni, na Disemba yote huwa anafukuza watu, kwa hiyo hakuigiza kitu. "Vyumba vimejaa," akasema bila kutazama. Kisha akaongeza la kwake: "Mulifanya bukingi?" Watu wakaangua kicheko. Mlango wa pili, hakuna nafasi vilevile. Basi tukageuza punda kuelekea kanisani, kwaya ikaitikia kwa kayamba na ngoma, na akina mama wakapiga vigelegele.

Punda akasimamisha masikio.

Kilichofuata nakikumbuka vipande vipande. Kamba ilinikaza kiganjani, nikaona naenda. Makubadhi ya kuazima yakabaki nyuma, la kushoto kwanza. Kanzu nikaiuma kwa meno ili miguu ipate kazi. Mbele yangu Maria amejilaza shingoni mwa punda, mkono mmoja kwenye manyoya, mwingine umeshika mto usidondoke, anapiga kelele ambazo sikuweza kujua kama ni sala. Wazee waliokaa barazani wakasimama wote. Mmoja anapiga ukelele "Mshikeni!", mwenzake anasema "Mwacheni, huyo anashinda!" Tukapita majahazi, tukapita lundo la boriti za mikoko, watalii wakapiga picha. Nilidhani atasimama mwisho wa pwani kama afanyavyo mbio zikiisha. Hakusimama. Akakata kulia, akaingia kichochoro cha Langoni ambacho mabega yangu peke yake hukijaza, giza tupu, akapinda mara mbili, akapenyeza kichwa ndani ya kibanda cha makuti ubavuni mwa nyumba fulani, akaanza kula majani.

Kwao.

Mwenye punda hakuwepo, alikuwa nyuma huko pamoja na maandamano, anatafuta punda wake. Nyumbani yuko mama yake, bibi wa miaka mingi, na wanawake wa ukoo. Wakatoka na taa kusikia vishindo, wakaona nini? Mwanamke kajifunika mtandio, tumbo hili hapa, kajikunja juu ya punda anatetemeka, machozi yanamtoka, hawezi kusema. Mimi nilikuwa karibu yake, najua: alikuwa anacheka. Kicheko kilikuwa kimemkaba kabisa. Lakini kwa mtu mwenye taa ya mkono, usiku, kicheko kile hakina tofauti na jambo jingine.

"Ndooni!" bibi akapaaza sauti. "Ndooni! Kuna muke yuna utungu!"

Wakamshusha kabla sijafumbua mdomo. Mmoja kashika huku, mwingine kule, wanapita dakani, wanaingia uani, mtoto katumwa mbio kumwita mkunga, mwingine kawekwa jikoni kuchemsha maji. Bibi akanigeukia mimi, mtu mzima sina viatu, kanzu imechanika.

"Wewe ndiye mumewe?"

Sasa elewa hali yangu. Pumzi sina. Akili imebaki gatini. Na maswali yale nilikuwa nimeyajibu hata sokoni.

"Ni mchumba wangu," nikasema. "Nimemposa, hatujakaa pamoja."

Uani pakatulia.

"Na mimba?"

"Si yangu."

Naapa sikuwa nimekusudia. Na mpaka leo nashikilia kwamba nilisema kweli tupu, kwa kila njia utakayoipima. Ila wanawake wale walinitazama jinsi wanawake wa Langoni wanavyomtazama mwanamume anayesema maneno hayo mlangoni usiku, na bibi akauliza, polepole sana, "Ya nani?"

"Ni kwa uweza wa Roho Mtakatifu."

"Astaghafirullah!" Kipepeo cha ukindu kikanipiga sikioni. "Mwanamume mzima wamsingizia malaika!" Cha pili shingoni. Wakanikimbiza mpaka nje, nikasimama ukutani kando ya punda, ambaye hakuacha kutafuna.

Pale ukutani ndipo nilipomfikiria Yosefu kwa mara ya kwanza, namaanisha kumfikiria kweli. Maana Nazareti nako kulikuwa na mashangazi. Mathayo anaandika kwamba alikuwa mtu wa haki, hakutaka kumwaibisha Maria, akaazimia kumwacha kwa siri. Kisha malaika akamtokea ndotoni, akaamka, akamchukua mkewe. Inasomwa haraka kanisani, watu wanasubiri kufika kwa wachungaji. Lakini asubuhi ile baada ya ndoto alitoka nje, akakutana na jirani. Akamwambia nini? Nimeota? Mimi nilisema ukweli wa Injili mara moja tu nikapigwa kwa kipepeo. Yeye hakusema. Akanyamaza na kuacha watu wahesabu miezi kwa vidole wapendavyo, wamwone yeye ndiye aliyeshindwa kungoja harusi, ili wasimguse binti. Mimi nilichagua nafasi yake nikidhani ni nyepesi kwa kuwa haina maneno. Kipepeo kingine kikatoka dirishani kikanikosa.

Mkunga akapita kwa haraka, bibi mfupi mwenye kikapu, akaniambia "Ondoka ndiani" bila kunisalimu. Mlango ukafungwa. Nikasikia amri zake: taa hapa, leso fungua, wewe vuta pumzi. Kisha kimya. Kisha ukelele wa watu wote kwa pamoja, na baada yake kicheko ambacho nadhani walikisikia ng'ambo ya Manda.

Nilipochungulia, mkunga ameshika mto kwa mikono miwili, ameuinua kwenye taa, anasoma. "Lala Salama," akasoma. Akampa bibi. "Chukua. Hana maradhi, ila hana macho."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Maria alipopata sauti na kueleza mambo yote, gati, kwaya, nyumba za wageni, bibi akapangusa machozi, akavuta sahani ya tende zilizokuwa zimetayarishwa kwa ajili ya mzazi. Bibi Mariamu naye, akasema, aliposhikwa na uchungu alikuwa peke yake chini ya mtende, akaambiwa autikise shina zimwangukie tende mbivu, ale, atulize moyo. Akarudi kwa watu wake na mwana mkononi, nao wakamsema. "Kula, mwanangu. Huyo Yusufu wenu mwenyewe hatumtaji." Akanitazama. "Leo nimejua kwa nini." Hata hivyo nami nikapewa tende.

Maandamano yakatufikia hapo, kwaya, mamajusi wanne, mwenye punda anahema. Katekista alipoona kichwa cha punda ndani ya kibanda cha bwana wake, hakusema kitu, alimgeukia tu mzee wa kanisa na kuinua vidole: kimoja, kisha vitatu. Mzee akatazama kando.

Mkunga alitaka ada yake. Mto au mtoto, yeye katolewa usingizini. Hatukuwa na kitu ila zawadi za mamajusi. Alirusha kopo la dhahabu bila kulitazama mara mbili, akafungua ubani, akanusa, akasema tumeibiwa dukani, kisha akautia kikapuni. Punda alikataa kutoka. Misa tukaikuta imeanza, Maria kwa miguu, mto kwapani.

Habari, kama ujuavyo mji wetu, zilitangulia kufika. Asubuhi ya Krismasi Mkomani walisema ni mtoto wa kiume. Shela walishapata pacha. Nilipotoka misa ya asubuhi nikapita gatini, na nahodha mmoja wa boti za Mokowe, ambaye deni lake la kufunguliwa injini nilikuwa nimekwisha kulisamehe moyoni, akaniita kwa mbali, akanitia noti mkononi. Zote, bila kupunguza.

"Za maziwa," akasema. "Nimesikia. Watu walisema umeikana mimba, nikawaambia haiwezekani, namjua. Mtoto hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

"Mumemwita nani?"

"Isa."

"Jina zuri," akasema, akavuta kamba ya injini.