Tandiko lenye jina pembeni

Jirani yangu hapa Pennsylvania, bibi aliyepita miaka themanini, alifungua sanduku akanitandazia tandiko la kitanda la sufu na pamba lililofumwa kwa mkono. Kwenye pembe, ndani ya mraba, uzi wa nili umeandika jina la mfumi, wilaya yake na mwaka: 1841.

Nikapapasa katikati, nikakuta mshono. Mitambo mingi ya kufumia ilikuwa myembamba, basi vipande viwili hushonwa pamoja, vilevile shangazi yangu wa Makunduchi, Unguja, anavyounga kili, yaani vipande virefu vilivyosukwa, kuwa mkeka. Mahali pengine nondo wamekula sufu, pamba imebaki, na ua zima limekuwa kimia cheupe.

Wafumi wengi wa matandiko haya walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani na Uskoti. Mtambo wa kufumia wa Jacquard, unaoongozwa na kadi zenye matundu, uliingia Marekani miaka ya 1820, ndipo ndege, maua na majina yakafumika kwa urahisi. Wageni wale waliandika majina yao, na leo wanajulikana. Lakini pamba ya Marekani ya zama zile ililimwa na kuchumwa na watumwa wa majimbo ya kusini, na hakuna pembe yenye jina la mchumaji. Pamba hiyohiyo, ikiwa imefumwa nguo, ilikuja kwetu Unguja kwa merikebu za Salem, bandari ya Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Marekani na Sultani Sayyid Said, nasi tukaiita merikani.

Kwetu nguo haikai sandukuni. Kanga ya bibi ikichakaa huwa winda la mtoto, kisha tambara la jikoni. Mimi nimekulia ndani ya kanga laini za namna hiyo na siwezi kuzionea haya. Linaloniuma ni kwamba mikono iliyofanya kazi inapotea pamoja na kazi yenyewe. Kisiwa cha Pate kilisifika kwa nguo za hariri tangu enzi za Wareno; nani leo atanitajia mfumi mmoja? Hata mikeka wanayonunua watalii pale mjini huondoka bila jina la aliyeisuka.

Nilimpigia shangazi, nikamwomba asuke jina lake. "Mwanangu, mkeka ni wa kulalia, si wa kusoma," akanijibu. Sikuacha kumsihi. Juzi amenitumia picha ya ukili mpya: herufi mbili za kwanza, zambarau, moja imepinda kidogo. Ananiuliza mwaka auweke wa Kiislamu au wa kizungu.