Sauti yangu ni ipi?

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu kwenye maonyesho ya sayansi ya watoto. Palikuwa na meza ya duara yenye vitufe vinavyowaka taa, watoto sita wakigonga kwa pamoja, muziki ukitoka kwenye spika mbili kubwa pembeni. Mtamu, na haukosei hata kidogo. Baada ya muda akanivuta shati: "Mjomba, sauti yangu ni ipi?"

Nilikosa jibu. Programu ya meza ile ilikuwa inalisogeza kila pigo mpaka likae sawa na mdundo, kisha inalimeza. Akaacha kugonga. Muziki ukaendelea vilevile.

Limeniuma, kwa sababu sisi tunajua namna nyingine. Itazameni amadinda, marimba ya Baganda wa Uganda: vibao 12, wapigaji watatu kwenye ala moja. Wa kwanza anapiga, wa pili anaingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, na wimbo unazaliwa hapo, wimbo ambao hakuna kati yao anayeupiga peke yake. Wa tatu ana vibao viwili tu vya juu kabisa. Kazi yake ni kuzisikiliza sauti za chini kabisa zinazotoka kwa wenzake na kuzirudia huku juu. Vibao viwili! Lakini asiposikiliza, hana la kupiga. Akitoka mmoja, kila mtu anasikia pengo.

Na wapo waliofanya hivyo kwa umeme. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Gil Weinberg na wenzake wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walitengeneza Beatbug, kidude cha kushika mkononi chenye spika yake ndani. Mtoto anagonga mdundo wake, anamtumia mwenzake, mwenzake anaugeuza kwa kupinda vipembe viwili. Sauti inatoka mkononi mwako, na unaijua.

Haya, nakubali kwamba mwanagenzi anahitaji kurahisishiwa. Carl Orff, mtunzi wa muziki Mjerumani, aliwaondolea watoto baadhi ya vibao vya marimba, wakabaki na sauti tano zisizogombana, na sina ugomvi naye. Kupunguza sauti ni sawa. Kumsahihishia mtoto pigo kabla hajalisikia ni kumnyang'anya. Atajuaje kwamba amechelewa? Atamsubirije mwenzake?



Wenye meza ile, nawaomba jambo moja: zimeni usahihishaji, ondoeni spika mbili kubwa, wekeni sita ndogo, kila mtoto na yake mbele yake. Nitamrudisha mpwa wangu siku hiyohiyo.