Nimepika Mapo Tofu, Mama Kadhani Nimelewa

Jamani mi niko mwaka wa pili nasoma huku Chengdu, China, na kila nikiongea na nyumbani Tanga swali la kwanza sio masomo yanaendaje, ni "unakula nini huko?" Sasa juzi nikajisemea leo napika kitu cha wenyeji, napiga picha natuma, waone mtoto wao kawa mtu. Nikachagua mapo tofu maana ndo chakula cha hapahapa, na kwenye video ya dakika tatu kinaonekana rahisi kuliko kukaanga yai.

Kwanza hilo jina lenyewe. Mapo ni bibi mwenye makovu ya ndui usoni, inasemekana alikuwa mama ntilie wa ukoo wa Chen, kigenge chake kilikuwa pale daraja la Wanfu toka 1862, wateja wake vibarua wa kubeba mafuta. Hebu nenda Ngamiani kwetu Tanga ukamwite mama ntilie kwa alama za uso wake uone kama utapewa hata mchuzi wa maharage.

Haya, nikaenda sokoni. Tofu ziko aina kama kumi, laini, ngumu, ya kukaanga, iliyokaushwa, na zote ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, mi nikachukua laini kabisa kama video ilivyosema. Nikanunua na doubanjiang, lile rojo jekundu la maharage na pilipili linalotoka Pixian hapo jirani, linakaa kwenye mitungi mwaka na zaidi mpaka linakuwa na harufu ya kabati la bibi. Yuan zangu zikaenda.

Nikaweka karai, mafuta, nyama ya kusaga, tangawizi, kitunguu saumu, rojo likaingia, na hapo moshi ukanikaba koo nikakohoa mpaka jamaa ninayekaa naye, Mmombasa, akafungua mlango wake akaniangalia akaufunga tena. Hata pole hakusema. Alafu mi kwa mazoea nikatupia vijiko viwili vya chumvi, kumbe lile rojo lenyewe ni chumvi tupu, bahari ya Raskazone ina afadhali.

Ikaja zamu ya tofu. Nilikata vipande vizuri vya mraba, nikavipitisha kwenye maji ya moto yenye chumvi (ndio, chumvi tena), nikavimwaga kwenye karai. Sasa mkono wa mtu aliyelelewa na ugali ukishika mwiko unajua kazi moja tu. Nikasonga. Sikukusudia, mkono ulienda wenyewe, kushtuka nina uji mwekundu. Bibi wa ghorofa ya chini alikuja kesho yake kuuliza jana kulikuwa na nini, nilipomweleza akacheka mpaka akashika ukuta, akanionyesha kwa mkono kwamba tofu haikorogwi, inasukumwa taratibu na mgongo wa upawa. Kesho yake! Jana ulikuwa wapi bibi.

Lakini hayo yote sio kitu. Kitu ni huajiao. Vipunje vidogo vyekundu, vinaitwa pilipili lakini sio pilipili, ukoo wake ni wa ndimu na machungwa. Video ilisema kijiko kidogo, mi nikaona kijiko kidogo ni dharau, nikasaga kiganja kizima nikanyunyizia juu. Tonge la kwanza safi. La pili mdomo ukaanza kutetemeka, yaani midomo inapiga mtetemo kabisa, wataalamu wa London walishapima mwaka 2013 wakakuta ni kama mara 50 kwa sekunde. Mi nikajua ni mdomo tu, kumbe na simu iko chini ya sahani inatetemeka, mama anapiga video.

Nikapokea. Jasho linanitoka, macho mekundu, kamasi zinashuka, ulimi siuhisi uko wapi.

"Sikawoo wawa."

Kimya. Mama akasogeza uso kwenye simu mpaka nikaona pua tu.

"We mtoto umekunywa nini?"

"Ni towu wawa, ni towu!"

"Towu ndo jina la pombe ya huko? Saa kumi hii ya jioni, jua halijazama, mwanangu umeshalewa?"

Nataka kumwambia huku ni saa tatu usiku, midomo haifungi. Nikageuza kamera nimwonyeshe karai aone ni chakula. Hilo ndo lilikuwa kosa, maana alichokiona ni ule uji mwekundu unatokota, akapiga kelele "Mungu wangu, umetapika damu!" akakata simu.

Ulimi ulirudi baada ya kama robo saa, ila mpaka leo mama hapokei. Dada anasema yuko kwa jirani wanamwomba Mungu. Baba mkubwa kanitumia ujumbe "kijana tuongee kiume", shangazi kauliza nauli ya kurudi ni bei gani. Na karai bado ina nusu, siwezi kumwaga hela yangu, nimeinjika wali hapa nilie na ile iliyobaki, simu nimezima kwanza.