Harufu Iliyotoka Siti ya Nyuma

Volkswagen yangu ni Beetle ya mwaka 1972, injini ya 1300, na nilipoinunua kuku walikuwa wanatagia ndani. Miaka miwili niliitengeneza. Habari za kunyoosha bati na kuziba kutu nitaziruka, mtu wa Tanga anajua chumvi ya bahari inavyokula gari. Ila siku ya kupuliza rangi nilimsimamia fundi kama mtu anayegawa mirathi. "Na hapa. Na kule chini pia." Akaniuliza kama kuna mgeni atakayelala chini ya gari kuikagua. Nikamwambia puliza, pesa ni zangu.

Ikatoka buluu ya kupendeza, na mtoto wa shangazi yangu alipotangaza harusi hakukuwa na mjadala: bibi harusi atapanda hii.

Ugonjwa ulianza wiki ile ile. Nageuza ufunguo: tk. Basi. Taa zinawaka kali, honi inaamsha mtaa, lakini stata, ile mota ya kuzungusha injini iwake, inasema tk moja na kunyamaza kama mtu aliyenuna. Ukiisukuma hatua kumi ukaachia klachi kwenye gia ya pili, inanguruma bila aibu yoyote.

Ngamiani nzima ikawa hospitali. Fundi wa kwanza akasema betri, nikanunua mpya. Wa pili akasema stata, ikafunguliwa, ikatiwa brashi mpya, ikarudishwa: tk. Wa tatu, ambaye kusema kweli ni fundi baiskeli, akashauri platini na kondensa. Nikabadilisha, japo hata mimi nilijua platini kazi yake ni cheche, na gari linalowaka kwa kusukumwa cheche linazo. Mtu akishachoka hununua chochote anachotajiwa.

Siku ya harusi nikaweka sheria moja: gari lisizimwe. Likasukumwa alfajiri, likaunguruma mpaka Raskazone, kwenye picha. Hapo mpiga video akalalamika kwamba injini inamwharibia sauti, na bwana harusi, kwa upole wake, akaingiza mkono dirishani akazima.

Nyuma walikuwa wamekaa bibi harusi na shangazi. Gari lenyewe milango miwili; kuwaingiza kulichukua robo saa na dua. Nikageuza ufunguo. Tk. Nikaushikilia. Tk, tk, tk. Mara ya kumi hivi, harufu ya kitu kinachoungua ikajaa ndani, na uzi wa moshi ukapanda.

Sasa, kila mwenye gari hili anajua betri iko chini ya siti ya nyuma, upande wa kulia. Anajua pia kwamba kifuniko cha betri kikikosekana, abiria mnene anaweza kuzikandamiza springi za siti zikagusa vichwa vya betri, na siti ikashika moto. Kifuniko changu kilikuwa nyumbani, juu ya friji. Na upande wa kulia alikaa shangazi.

"Shangazi, shuka!" nikapiga kelele. "Unachoma gari!"

"Mimi?"

"Uzito wako umegusa betri!"

Yote hayo mbele ya kamera inayorekodi, safari hii sauti safi kabisa. Shangazi, mama mzazi wa bwana harusi, akatoka kinyumenyume, kilemba kikabaki mlangoni. Tukanyanyua siti haraka. Betri ilikuwa baridi, springi ziko mbali nayo. Hakuna hata alama. Nilipaswa kuomba radhi pale pale, lakini nikasema, "Labda imepoa." Bwana harusi akasukuma na joho lake, tukaondoka, huku pedali ya mafuta ikiwa nzito kama imekanyagwa na mtu mwingine kwa chini. Shangazi alirudi kwa bajaji.

Jumatatu nikaenda kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari wa zamani. "Shikamoo, babu." Akaitikia, akasikiliza kisa chote, akauliza swali moja: "Pedali ya mafuta haikuwa nzito?"

Nikabaki mdomo wazi.

Akaweka mita kwenye betri: volti 12.6. "Geuza." Tk. Mita ikashuka hadi 12.3 tu. "Betri haijaombwa kitu," akasema. "Stata ikivuta kwelikweli ungeiona inashuka zaidi." Akahamisha nyaya za mita: mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye giaboksi. "Geuza." Mita ikaruka hadi 9. "Hapa haitakiwi hata nusu volti." Kisha akachukua waya nene wa kushtulia magari, akaunganisha hasi na giaboksi. Nikageuza ufunguo, injini ikawaka kabla hajamaliza kuniambia nigeuze.

Kumbe injini na giaboksi zimekaa juu ya raba. Umeme wa stata hurudi kwenye bodi kwa waya mmoja tu wa ethi, mpana, uliosukwa kama utepe wa ukili, uliofungwa kati ya giaboksi na bodi. Taa hazipiti huko, ndiyo maana ziliwaka. Kusukuma hakuihitaji stata, ndiyo maana iliwaka. Na umeme wote ule, ukikosa njia ya kurudi, ulijipenyeza kwenye kebo ya pedali ya mafuta, uzi mwembamba wa chuma, ukaichemsha mpaka grisi yake ikaungua.

Babu akaingia chini ya gari, akatoka na ule waya. Ulikuwa buluu pande zote mbili. Buluu ya kupendeza, isiyopitisha umeme.

"Nani kapaka rangi mpaka huku?"

"Fundi rangi."

"Kwa akili yake?"

Nikatazama viatu vyangu. Msasa, dakika tano, nati ikakazwa. Kebo mpya iligharimu zaidi ya kazi yenyewe.

Jioni nikaenda kwa shangazi na kilo mbili za sukari. Nikaeleza ethi, giaboksi, rangi. Akatoka nje bila kujibu.

"Washa."

Ikawaka.

"Zima. Washa tena."

Mara tatu, majirani wakichungulia. Kisha akaingia nyuma, upande wa kulia, akajituliza, halafu kwa makusudi akajirusha juu ya siti mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Unasikia harufu?"

"Hapana, shangazi."

"Sema kwa nguvu. Jirani hajasikia."