Jembe la plaiwudi: daftari la mcheza ngoma ni utafiti?

Tuseme kuna mwalimu wa ngoma jijini Dar es Salaam ambaye amecheza bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, kwa miaka 15. Si Msukuma; amekulia Morogoro, kwa wazazi wakulima, na ngoma hii alifundishwa na mwalimu wake kama yeye anavyowafundisha wengine leo. Sasa anasoma shahada na ametakiwa kuandaa pendekezo la utafiti. Hataki kugawa dodoso. Anataka kuichunguza kazi yake mwenyewe: kila baada ya mazoezi ataketi na daftari, aandike kilichotokea, alichobadilisha na sababu yake, kisha arudi kesho yake ajaribu tena. Swali lake ni moja, nalo ni zuri. Kwa nini wanafunzi wake wanalirusha jembe na kulidaka bila kosa, lakini wakilishusha linakuwa kama halina uzito?

Kwa asiyeijua, bugobogobo ilizaliwa shambani, watu wakilima kwa pamoja na ngoma ikiwapa mwendo. Leo vikundi vya sanaa vinaicheza jukwaani na kwenye sherehe, mbali kabisa na Usukuma. Jembe limebaki, shamba halipo.

Mpango wa namna hii huwagawa watu haraka. Upande mmoja wanasema huo ndio utafiti unaomfaa msanii. Upande wa pili wanasema hiyo ni shajara iliyovishwa joho. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya jambo, ila nusu hizo si sawa kwa ukubwa.

Wanaoutetea wana hoja ya kale na hoja ya vitabuni. Ya vitabuni ni ya Donald Schön, mwanazuoni wa Marekani, ambaye mwaka 1983 alieleza kwamba fundi mzoefu hufikiri akiwa katikati ya kazi, kisha hufikiri tena kazi ikiisha, na kwamba maarifa hayo hayakopwi kutoka kwenye nadharia ya mtu mwingine. Mpiga ngoma yeyote atamwelewa bila kumsoma. Mchezaji mmoja akichelewa hatua, mkono wa mpigaji umeshalilegeza pigo kabla kichwa hakijajua kuna tatizo. Mtafiti aliyekaa pembeni na kamera ataona ngoma imepungua kasi. Kilichoipunguza hatakiona. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ni kweli. Lakini aliyekilalia miaka 15 ndiye pia aliyekwisha kuzoea kuumwa.

Hoja ya kale naipenda zaidi, maana inatoka kwenye ngoma yenyewe. Wasukuma wana vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake inahusishwa na mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, pande hizo hushindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji huhamia wanakovutiwa. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Manju, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma, akiona watu wanamkimbia hana haja ya kusubiri barua ya mtahini. Anarudi nyumbani, anapima nyimbo zake, mavazi yake, vituko vyake, na msimu unaofuata anakuja na jingine. Wako waliofika uwanjani na chatu. Mwaka 1984 David Kolb, msomi mwingine wa Marekani, alipouchora mzunguko wa kujifunza kwa vitendo, kutenda, kutazama nyuma, kupata wazo, kujaribu tena, mamanju walikuwa wameshauzunguka vizazi kadhaa.

Basi kujifunza kwa tafakuri si jambo lililoletwa na chuo. Hapo watetezi wameshinda.

Ila mfuate manju huyohuyo siku aliyoshindwa, umuulize sababu. Huenda akasema nyimbo zake zimechakaa. Huenda pia akasema wapinzani walikuwa na dawa kali kuliko yake, kwa sababu dawa ni sehemu inayojulikana ya mashindano haya. Siicheki imani yake. Ninachokiona ni kwamba alipotazama nyuma alikutana na jibu ambalo alikuwa nalo tangu mwanzo, na tafakuri peke yake haikuwa na njia ya kumwambia kama dawa ndiyo iliyowahamisha watu au wimbo.

Mwalimu wetu naye ana dawa yake. Ukimsikiliza dakika tano utaijua: "Hawa watoto wa mjini hawajawahi kulima." Yeye amelima, mgongo wake unakumbuka. Ukimpa daftari na miezi sita, ataandika kurasa mia zinazosema hivyo, kwa dhati na kwa uzuri. Kila mwanafunzi anayeshusha jembe kizembe atakuwa ushahidi. Anayelishusha vizuri itagundulika ana bibi kijijini.

Na pengine ni kweli hawajalima. Lakini pia majembe wanayochezea ni ya plaiwudi iliyopakwa rangi, ili yasimuumize mtu yakidondoka. Kitu chepesi kinashuka kama kitu chepesi. Wanafanyia mazoezi kwenye vigae, na anayecheza peku juu ya vigae huogopa kukanyaga kwa nguvu. Siku ambazo mpigaji hayupo, ngoma inatoka kwenye spika, nayo spika haimsubiri mtu. Sababu zote hizo ziko mbele ya macho yake na hazimo kwenye maelezo yake, kwa kuwa amezizoea.

Hapa ndipo wapinzani wana haki. Tatizo lao huwa wanalipa jina baya: wanasema utafiti huu ni wa hisia. Hisia hazina ubaya. Mwili wa mchezaji ni chombo cha kupimia. Ubaya ni mtu mmoja kuwa shahidi, mshtakiwa na hakimu, halafu kumbukumbu za kesi akaziandika yeye jioni, amechoka, baada ya mazoezi yaliyomfurahisha au kumuudhi.

Dawa ya tatizo hilo haihitaji kumgeuza msanii kuwa mtu wa maabara. Akope majembe ya kweli kwa wiki mbili. Ahamie uwanja wa udongo wiki mbili nyingine. Arekodi kwa simu, aandike kwanza anachokumbuka, kisha atazame video na kuandika pale kumbukumbu yake ilipomdanganya. Muhimu kuliko yote, kabla hajaanza aandike kitu gani akikiona atakubali kwamba alikosea kuhusu kulima. Wako wasanii watakaoguna hapo, wakisema ngoma haipimwi hivyo. Lakini manju anapimwa hivyo kila mwaka, hadharani.

Kuna jambo dogo ambalo mapendekezo mengi hulipita. Vyuo vikuu vyetu vingi vinafundisha kwa Kiingereza, na mwalimu huyu anafoka, anasifia na kufikiri kwa Kiswahili. "Shusha kama unashusha shida zako" ni maelekezo kamili ya mwili. Daftari likiandikwa kwa lugha ya mtahini tangu siku ya kwanza, maneno ya namna hiyo yatapotea kabla hayajachunguzwa. Aandike kwa Kiswahili, tafsiri itafuata. Halafu kuna ruhusa: wanafunzi anaowaandika ndio anaowapa alama, kwa hiyo "ndiyo" yao aipokee kwa tahadhari.

Kinachonishawishi zaidi ni kielelezo kilichofanyika Usukuma kwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wasanii wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakatengeneza sanaa ya maonyesho pamoja na wanakijiji kuhusu matatizo yao, wakitumia ngoma za hapohapo. Baada ya onyesho watu walijadili. Tafakuri haikuwa ya mtu mmoja na kalamu yake. Aliyeonyeshwa vibaya alikuwa na nafasi ya kusimama na kubisha. Daftari la mwalimu wetu linakosa sauti hiyo.

Kwa hiyo ningemshauri amtafute mzee mmoja wa Usukuma aliyecheza bugobogobo akiwa shambani, amlete mazoezini mapema, mwezi wa kwanza, si mwishoni kuja kubariki tasnifu. Amkalishe, asimweleze chochote, amuulize anaona nini. Huenda mzee asiongee kuhusu jembe wala udongo. Huenda akauliza kama vijana wanaelewa wanachokiimba, maana Kisukuma chao hakieleweki na neno linalotangulia pigo wanalimeza. Mwalimu atageuka kuwatazama wanafunzi, kisha atakumbuka kwamba hata yeye, miaka 15, hajawahi kuuliza wimbo ule unasema nini.